Ati Wamisri ndio walichimba mapango ya Elgon?

Nilitoka Kitale alfajiri, nikapita Endebess hadi geti la Chorlim, na kama wageni wengi nilikuwa na swali moja tu mdomoni: leo nitaona ndovu? Nilitaka kufika pango la Kitum, lile ambalo ndovu huingia usiku, wakipapasa njia kwa mkonga gizani, halafu wanachokoa ukuta kwa pembe ili wale chumvi. Sikuona hata mmoja. Alama za pembe nilizipiga picha mpaka simu ikaisha chaji.

Lakini nikiwa pale ndani na tochi, popo wakipiga kelele juu, nilianza kujiuliza jambo lingine. Kabla hii haijakuwa mbuga, mwaka 1968, hapa palikuwa kwa nani?

Jibu lipo kwenye maandishi ya Joseph Thomson, Mskoti aliyefika upande wa kusini wa mlima huu mwaka 1883. Alikuta watu wakiishi mapangoni. Si kujikinga mvua, la. Kijiji kizima, pamoja na ng'ombe wao. Jina lenyewe Elgon limetokana na hao hao, Elkony. (Wabukusu nao wanauita Masaba, na hawajawahi kuomba ruhusa ya mtu.)

Sasa sikia vituko. Thomson aliwauliza wenyeji ni nani aliyechimba mapango makubwa namna hiyo. Wakashangaa swali lenyewe. Wao na vijembe vyao wangewezaje? Hiyo ni kazi ya Mungu, wakamwambia. Thomson hakuridhika. Akaandika kwamba lazima ni taifa fulani la kale lenye ustaarabu, lililokuwa likitafuta madini au vito, na akafika mahali pa kujiuliza kama Wamisri walifika huku. Wamisri, jamani! Watoke Nile yote waje kuchimba Trans Nzoia?

Leo tunajua Elgon ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Ilipokuwa hai ilirusha majivu na vipande vya mawe, vikashikana vikawa mwamba laini wenye chumvi. Maji yakapenyeza, dari zikaporomoka, na ndovu wakaendelea kuukwangua ukuta, kizazi baada ya kizazi. Watu nao walitoa chumvi humo ya kulisha mifugo, lakini hakuna aliyekuja na sururu kutoka Misri. Yaani wale wazee walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mgeni aliyekuwa na kalamu. Kilichoniuma ni kwamba aliwauliza, wakamjibu, na bado akaona jibu haliwezi kutoka kwao.

Mimi sisemi mbuga ifungwe. Miaka ya ujangili ndovu wa Elgon waliuawa vibaya sana, na bila ulinzi pengine leo tungekuwa tunaonyeshana alama za pembe za wanyama ambao hawapo. Ila tumezoea kuusimulia mlima huu kana kwamba ulikuwa mtupu, ndovu na popo peke yao, na mazoea hayo yana gharama. Waulize Ogiek wa Chepkitale, kule juu kwenye mbuga za nyasi za mlima huu huu. Mwaka 2000 ardhi yao iligeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama. Walienda kortini, wakangoja miaka, na Septemba 2022 mahakama ya ardhi na mazingira ya Bungoma ikaamua kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha Katiba.

Sikujua lolote kati ya haya nilipolipa kiingilio pale Chorlim. Nilikuwa nimesoma tu kuhusu ndovu, na ile habari ya virusi vya Marburg ambayo kila mtu hukutisha nayo ukitaja Kitum. Nikirudi Elgon nataka kuanzia Chepkitale, niketi na wazee, niulize swali la Thomson. Halafu ninyamaze.