Python: Kwa nini 500 + 700 inaweza kukupa 500700

Anayeanza kujifunza Python huona alama za hesabu kama jambo jepesi. Lakini kazi ya kila alama inategemea imekutana na nini: namba au maandishi.

Kwa Python, 500 ni namba. Ukiiweka ndani ya alama za kunukuu, "500", inakuwa maandishi, hata kama jicho lako linaona namba.

Kujumlisha (+)

500 + 700 inatoa 1200. Lakini "500" + "700" inatoa "500700", maana maandishi huunganishwa tu. Ukichanganya, yaani "500" + 700, Python inagoma na kuonyesha kosa la TypeError.

Kuzidisha (*)

500 * 3 ni 1500. "500" * 3 ni "500500500": maandishi yamerudiwa mara tatu. Hapa Python haigomi, na ndiyo hatari yenyewe. Kutoa (-) na kugawanya (/) hukataa maandishi moja kwa moja.

Kulinganisha

"9" > "10" inatoa True! Maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kuanzia kushoto, na 9 inaizidi 1. Ndiyo maana bei zilizohifadhiwa kama maandishi hupangwa ovyo. Nayo 5 == "5" ni False, bila onyo lolote.

Tatizo linaanzia wapi?

Mara nyingi ni kwenye input(). Katika Python 3, chochote anachoandika mtumiaji hapo hurudi kama maandishi. Chukua programu ya duka:

bei = input("Bei: ")
idadi = int(input("Idadi: "))
print(bei * idadi)

Muuzaji akiandika bei 500 na idadi 3, mteja anasomewa deni la zaidi ya milioni 500 badala ya 1500. Programu haijalalamika hata kidogo.

Ufanye nini?

• Geuza kwanza: int() kwa namba nzima, float() kwa zenye desimali.
• Angalia mkato: int("12,000") inaleta ValueError. Andika 12000.
• Unapounganisha namba na maneno tumia str(): "Jumla: " + str(1500).
• Ukiwa na shaka, uliza type(bei). Jibu likiwa str, hayo ni maandishi. Usipige hesabu bado.