Filamu za Kikristo Marekani: Sura nyeusi zimeongezeka, lakini nani anaandika stori?

Ukitafuta filamu ya familia ya Kikristo kutoka Marekani, ni rahisi kukutana na kazi za ndugu wawili wazungu, Alex na Stephen Kendrick. Walianzia kwenye kanisa la Sherwood Baptist, mjini Albany, jimbo la Georgia, na filamu yao ya kwanza, Flywheel, ilitoka 2003.

Kazi zao zinaonyesha vizuri nani amekuwa akipewa nafasi kwenye filamu hizi.

Mwanzo: rafiki wa mhusika mkuu

Facing the Giants (2006) inamhusu kocha mzungu. Fireproof (2008) inamhusu askari wa zimamoto mzungu ambaye ndoa yake inavunjika. Mwigizaji mweusi Ken Bevel yumo kama askari mwenzake anayempa ushauri. Anasaidia sana, ila stori siyo yake.

2015: War Room yabadili mambo

Hapa familia nzima ni ya watu weusi. Priscilla Shirer ni Elizabeth, dalali wa nyumba mwenye ndoa yenye misukosuko. Karen Abercrombie ni Miss Clara, bibi mjane anayemfundisha kuomba.

Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 3 na kuingiza zaidi ya milioni 70. Wikiendi yake ya pili ilishika namba moja Marekani. Hoja kwamba watazamaji wa filamu za Kikristo hawatalipia stori ya familia nyeusi ilikosa mashiko.

Lawama zilizofuata

Baadhi ya wakosoaji walisema Miss Clara ni mhusika wa kukariri: mama mzee mweusi mwenye busara, ambaye kazi yake kubwa ni kutatua shida za wengine.

Kuna jambo jingine. Kwenye Overcomer (2019), binti mweusi Hannah analelewa na bibi yake bila baba, na kocha wake ni mzungu. Kwenye The Forge (2024), kijana mweusi Isaiah naye kalelewa na mama peke yake. Safari hii, hata hivyo, anayemshika mkono ni mfanyabiashara mweusi, Joshua Moore. Hiyo ni hatua. Ila baba asiyekuwepo amejirudia, na filamu zote mbili zimeandikwa na ndugu wale wale.

Kwa nini ni ishu?

Filamu hizi si burudani tu. Zinatumika kufundishia ndoa, malezi na maombi. Anayeandika ndiye anayeamua familia ipi iwe mfano wa kuigwa na ipi iwe na tatizo.

Linganisha na Jumping the Broom (2011), ambayo Askofu T.D. Jakes alikuwa mmoja wa watayarishaji wake. Mwongozaji, Salim Akil, ni mweusi. Humo familia mbili nyeusi, moja tajiri na nyingine ya kawaida, zinagombana kuhusu harusi. Hakuna familia inayobebeshwa jukumu la kuwakilisha watu weusi wote.

Ukitazama nyingine, jiulize:

- Stori ni ya nani?
- Nani anatatua tatizo, na yeye mwenyewe ana maisha yake?
- Nani kaandika na kuongoza?

Swali la tatu halijibiwi na sura zilizo kwenye bango la filamu. Subiri majina ya mwisho.