Kuti Lilishonwa Kabla ya Nguzo Kusimama

Nyumba za kuunganishwa husifiwa kwa kasi kuliko kwa jambo jingine lolote. Kuta hutoka kiwandani zikiwa tayari, hupakiwa kwenye lori, na kwa siku chache husimama mahali ambapo mwashi angekuwa bado anapanga msingi. Sifa hiyo ni ya haki, ila hutolewa kwa kulinganisha na kitu kinachoitwa ujenzi wa jadi, na hapo ndipo pa kuuliza: jadi ipi? Mishomoroni, katika bara ya Kisauni huko Mombasa, nyumba ya mawe ya timbo na simiti imeenea kiasi kwamba ni rahisi kudhani ndivyo ilivyokuwa tangu enzi. Lakini kiwanda cha simiti cha Bamburi, jirani tu hapo, kilianza kuzalisha mwaka 1954. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, watu wengi wa bara hii walijenga kwa boriti, fito, udongo na makuti. Na nyumba hiyo, ukiitazama vizuri, ilikuwa tayari nyumba ya kuunganishwa. Dai langu ni kwamba chanzo cha kasi katika ujenzi ni kazi iliyomalizwa mapema mahali pengine, kwa kipimo ambacho muuzaji, mnunuzi na fundi wote wanakijua. Pwani ilikuwa na elimu hii kabla ya kuwa na viwanda.

Tuchukue kuti la kuezekea. Mshonaji, mara nyingi mwanamke aliyeketi uani, huwa na rundo la majani ya mnazi pembeni na ufito wa karibu mita moja mkononi. Hulikunja kila jani juu ya ufito, moja likilalia jingine, mpaka ufito ujae; kisha huyashona kwa kamba nyembamba ili yasichomoke. Kitu kinachotoka mikononi mwake ni kipande kamili cha paa: chaweza kukaushwa, kuhesabiwa, kupangwa na kuuzwa. Mshonaji hajui kitakwenda kwenye paa la nani, na fundi wa kuezeka hajui nani alikishona, lakini kazi zao hupatana kwa sababu kipimo ni kimoja. Fundi huanzia upenuni, hufunga safu ya kwanza, hulaza ya pili juu yake, na kupanda hivyo hadi kileleni. Majirani huiona siku ya kuezeka na kustaajabia wepesi wake. Kazi yenyewe, ya kushona mamia ya makuti, ilikwisha zamani kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Miti nayo ilifika ikiwa imeshachambuliwa. Mikoko ya visiwa vya Lamu na ya delta ya Rufiji ilipangwa kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, zikifuatwa na pau, mazio, boriti, kisha nguzo. Iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Aliyeagiza korija mbili za mazio alieleweka Lamu na Mombasa bila kuhitaji kuchora ramani. Majahazi yaliipeleka miti hiyo Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti ya nchi ya Zanj. Nguvu ya vipimo vya miti hiyo inaonekana hata ndani ya majumba ya mawe ya Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti za darini hazikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Mti uliokatwa kwenye mikoko ndio uliomwamulia mwashi upana wa chumba.

Atasema mtu kwamba kuta za nyumba hizo zilifanyiwa kazi palepale kiwanjani: fito zilifungwa, mawe madogo yakatomewa, udongo ukakandikwa, na watu wakangoja ukauke. Ni kweli, na ukweli huo unaitia nguvu hoja yangu. Sehemu ya nyumba iliyochelewa ilikuwa ile ya majimaji. Jumba la mawe lilichelewa zaidi, kwa kuwa matumbawe yalichomwa kuwa chokaa na kuta nene zikaachwa zikauke kwa zamu. Ndivyo ilivyo leo: zege la linta na la slabu halitaki kuharakishwa, na nguvu zake kwa kawaida hupimwa baada ya siku 28. Faida ya ukuta wa kiwandani ni kwamba kungoja huko hufanyika kwingine, wakati msingi unachimbwa. Siku za kukauka hazikufutwa. Zimewekwa sambamba na siku za kazi nyingine.

Wageni walipoleta chuma, walileta kanuni hiyohiyo. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilihitaji madaraja marefu 27 kuvuka mabonde ya Mau. Yalitengenezwa Marekani na American Bridge Company, yakaja kwa meli vipande vipande, yakaunganishwa huku. Mwaka 1931 kisiwa cha Mombasa kiliunganishwa na Nyali kwa daraja lililoelea juu ya maboya, na njia ya kwenda Kisauni ikafunguka. Daraja la zege lilishika nafasi yake mwaka 1980. Hata hivyo, kipande kilichobadilisha sura ya mitaa kama Mishomoroni ni kidogo kuliko daraja lolote. Ni bati la mawimbi, ambalo Henry Robinson Palmer alilipatia hataza London mwaka 1829. Bati lilikubalika kwa sababu lilifuata nyayo za kuti: kipimo kimoja, geji inayojulikana, na duka linalouza hata moja.

Haraka haraka haina baraka, atasema mwingine. Kuti huoza na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na cheche moja yaweza kulimaliza paa zima. Hayo hayafai kufichwa. Lakini methali inamkemea anayeikimbiza kazi, na aliyeandaa vipande vyake miezi kabla hakukimbiza chochote. Udhaifu wa nyumba ya kuunganishwa uko kwenye maungio. Kwa hewa ya chumvi ya Mombasa, maji yakipenya hapo chuma cha ndani hushika kutu. Atakayenunua kuta za kiwandani na aanze kukagua maungio, kama mwenye makuti alivyokagua jinsi safu zilivyolaliana.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Kuta zilizokomea kwenye linta, vyuma vikichomoza juu, hazisemi kwamba fundi ni mzito. Mwenye nyumba hujenga kadiri shilingi inavyopatikana: lori la mawe mwezi huu, mifuko ya simiti mwezi ujao. Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda cha paneli za polisitirini Mavoko, na mradi mkubwa wenye mkopo hunufaika na paneli kama hizo. Mjenzi mmojammoja akitakiwa kulipa kwa mkupuo, siku chache za kusimamisha nyumba zitatanguliwa na miaka ya kudunduiza, na kasi yote itakuwa imeishia kwenye karatasi ya matangazo. Juu ya hilo kuna ardhi. Baada ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, sehemu kubwa ya ardhi ya pwani iliandikishwa kwa wachache, na Mombasa ikazoea nyumba bila ardhi: nyumba yako, kiwanja cha mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja. Boriti na bati vyaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Ukuta wa simiti hubaki kwa mwenye ardhi.

Kwa hiyo swali la Mishomoroni si kama kiwanda kinamshinda mwashi kwa siku. Kinamshinda. Swali ni kama kiwanda kitakubali kuuza kama pwani ilivyouza: kipande kidogo kinachobebeka, chenye kipimo ambacho kila fundi anakijua, kinachonunuliwa leo na kuwekwa uani hadi kingine kipatikane, na kinachofunguka mwenye kiwanja akibadili nia. Ukuta utakaouzwa kwa korija utajenga bara hii upesi kuliko ukuta wowote utakaouzwa kwa nyumba nzima.