Kwa Nini Mbongo Ana Laini Mbili: Kutoka Kitochi Hadi Simu Feki

Muombe Mbongo namba ya simu, naye atakuuliza: "Ya mtandao gani?" Swali hilo lina historia yake.

Mobitel ilipoanza kazi mwaka 1994, simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo. Vodacom ikaja 2000, Celtel 2001, ushindani ukapamba moto. Lakini kupiga mtandao mwingine kulimaliza vocha haraka kuliko kupiga ndani ya mtandao wako. Kwa hiyo mtu hakuchagua laini kwa sababu ya matangazo. Aliangalia mama yake kijijini anatumia nini, mnara upi unashika, na mchumba yuko mtandao gani. Asiye na salio alibipu tu, basi.

Mwaka 2008 M-Pesa ikafika Tanzania, na laini ikawa pia pochi. Kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa na pesa zake. Mitandao mitatu ilianza kuruhusu wateja wao kutumiana pesa mwaka 2014, Vodacom ikaungana nao 2016.

Simu nayo ilichaguliwa kwa shida za nyumbani. Nokia 1100 ya mwaka 2003 ilikuja na tochi na betri ya kudumu, na pasipo umeme hiyo ni sifa kubwa kuliko kamera. Jina "kitochi" limebaki mpaka leo.

Mwenye laini mbili na simu moja alikuwa na kazi: fungua mfuniko, toa betri, badili laini, washa upya. Ndiyo maana simu za laini mbili kutoka China zilipoingia Kariakoo zilipata wateja. Tatizo, katikati yake kulikuwa na feki, na bei ilifumba watu macho.

TCRA ikatangaza kuzizima. Njia ya kupima ilikuwa rahisi: bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwenda 15090. Waliodhani ni mkwara waliona wenyewe Juni 2016 simu zilipozimwa. Aliyenunua yake kwa hela ya upatu akabaki ameshika kioo kisichopiga wala kupokea.

Machi 2017 ikaja ruhusa ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Ila mwenye laini mbili ahame aende wapi? Tayari alikuwa kote kote.

Simu zimebadilika, maswali hayajabadilika. Anayenunua leo ajiulize: nampigia nani zaidi? Mtandao upi unashika chumbani kwangu, siyo mjini tu? Chaji inafika jioni? Halafu apime IMEI akiwa bado dukani, hela ikiwa bado mfukoni.

Haya wadau, laini yako ya kwanza ilikuwa ipi, na ni nani aliyekufanya uichukue?