Mafuta ya Makonyo

Karafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na Unguja ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said aliwasukuma wenye mashamba waipande, watumwa wakaitunza na kuichuma, na kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Hayo yameandikwa sana. Ya bibi zetu hayakuandikwa: jino likiuma, ulibana punje moja juu yake ukangoja.

Hata makonyo, ambayo mgeni angeyatupa, hupikwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakatoa mafuta. Kilichomo humo kwa wingi ni yujenoli. Hiyo hutia ganzi, tena huharibu utando wa bakteria hata vilivyomo ndani vikavuja. Maabara zimelithibitisha hilo mara nyingi, na tangu karne ya 19 waganga wa meno wameichanganya na unga wa oksidi ya zinki ili kuzibia meno kwa muda. Bibi, basi, hakuwa akibahatisha.

Ninaogombana nao ni wale wanaoruka kutoka hapo na kusema karafuu yatosha badala ya penisilini. Bakteria wa kwenye kisahani cha maabara wako wazi; usaha uliojificha kwenye taya hauko wazi. Ukiyanywa mafuta hayo, kiasi cha kuua viini mwilini kitakudhuru wewe kwanza, na wapo watoto walioharibika ini kwa kuyanywa. Jirani yetu mmoja alibana karafuu siku tisa huku shavu likivimba. Maumivu yalitulia, na hilo ndilo lililomponza. Alipofikishwa hospitali uvimbe ulikwisha shuka shingoni, pumzi inakatika. Tulimzika kesho yake.

Lakini na penisilini nayo tunaimaliza nguvu. Fleming, alipotoa hotuba yake ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dozi pungufu huwazoeza viini kuistahimili dawa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Nasi bado tunanunua vidonge viwili viwili dukani, kwa kadiri ya senti zilizomo mfukoni.