Gari la haibridi la kuchaji nyumbani na historia ya umeme wetu

Toyota Prius ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1997 haikuwa na sehemu ya kuchomeka umeme. Betri yake ilichajiwa na injini, na pia gari lilipofunga breki. Mwaka 2004, huko Marekani, Ron Gremban na wenzake waliiongezea betri na chaja, ikaweza kuchajiwa nyumbani. Toyota walianza kuuza ya aina hiyo mwaka 2012.

Hapa Unguja, chaji hiyo hutegemea waya. Tangu 1980 umeme hutoka bara, hupita chini ya bahari hadi Fumba. Mei 2008 ulikatika karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, hadi Machi 2010. Mjini Mkongwe jenereta zilinguruma usiku kucha. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013.

Kwa miezi ile mitatu, gari la kutegemea soketi peke yake lingelala, na mboga zisingefika Darajani. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha haibridi yako, ongeza betri lakini injini ya petroli ibaki. Kumbuka pia, betri nzito hupunguza mzigo unaobeba, na umeme wake unaua: mwachie fundi aliyesomea.