Animateri wa kwanza walianzia wapi?



Mwaka jana, siku nilimwambia mama kwamba nataka kuwa animateri, alifurahi sana. Alifikiri nimepata ONG, nitapewa moto, nitazunguka vijijini kufundisha walimaji. Nilipomwelezea kuwa ni kuchora picha mpaka zitembee, alinyamaza. Kisha akaniuliza: "Mutoto wangu, miaka tano ya agronomia, sasa njo kuchora katuni?"

Sikuwa na jibu. Niko karibu miaka thelathini, lisansi yangu iko kabatini. Basi nikaanza kutafuta historia: wale walioanza hii kazi, wao walitokea wapi?

Tuanze Ufaransa. Émile Cohl alikuwa mchoraji wa vibonzo vya magazeti. Filamu yake Fantasmagorie ilionyeshwa Paris tarehe 17 Agosti 1908. Ni michoro karibu 700 kwa filamu isiyofika dakika mbili. Na munajua alikuwa na miaka mingapi? Miaka 51! Sisi tunalia eti tumechelewa.

Tuje Afrika. Moustapha Alassane wa Niger, aliyezaliwa 1942, alijifunza kwanza umekanika. Baadaye alienda Canada, akajifunza kwa Norman McLaren. Mwaka 1966 alitoa Bon voyage, Sim, kuhusu rais wa vyura anayeenda kutembelea nchi ya jirani. Watu wanacheka vyura, lakini kila mutu anaelewa ni nani anachekwa.

Na kwetu Congo? Kuna Jean-Michel Kibushi, aliyezaliwa 1957 kule Lubefu, Kasai, akasoma Institut National des Arts pale Kinshasa. Mwaka 1988 alianzisha Studio Malembe Maa. Kwa Kilingala, "malembe" ni polepole, na kweli hii kazi haina haraka. Filamu yake ya 1991 ilichukua hadithi ya Watetela, ya chura anayeenda kwa wakwe zake. Septemba ya mwaka ule ule, Kinshasa iliporwa. Kibushi hakugeuza macho: 1992 alitoa Septembre noir. Mwaka 1999 ikafuata Muana Mboka, kuhusu mutoto wa barabarani anayemuokoa waziri kwenye aksida.

Mukiangalia vizuri, hakuna hata mmoja aliyetupa yale aliyokuwa nayo. Cohl alikuja na mkono wa gazeti, Alassane na mikono ya fundi, Kibushi na hadithi za kwao. Pale njo nilielewa kosa langu: nilikuwa natafuta kuficha agronomia yangu, kumbe ndiyo mtaji.

Kwetu Kivu, mnyauko umemaliza migomba. Ugonjwa unabebwa pia na panga: unakata mgomba mgonjwa, unaenda kukata mzima, umeisha. Tulifundishwa kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Nimeona mafunzo yale kwenye makaratasi ya Kifaransa ambayo walimaji wanafungia karanga.

Basi nikachukua telefone, nikaifunga juu ya meza kwa kamba. Picha 12 kwa sekunde moja, sekunde 8: michoro 96. Usiku nne, na kourant ilikatika mara mbili. Kuna mgomba, kuna panga, kuna moto. Mkono wa mulimaji unatetemeka kama ana malaria, sitawadanganya.

Nilimuonyesha mama. Aliangalia mara tatu bila kusema kitu. Halafu akauliza: "Na panga yetu ile, sisi tuliichoma?"

Hatukuichoma. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni, panga iko ndani ya makaa.

Franka sijapata hata moja. Lakini sekunde 8 zingine ziko mezani: namna ya kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda, bila chuma.

Na wewe, mwenye lisansi ya sheria, ya uchumi, ya uuguzi: unajua kitu gani ambacho watu wa kwenu hawajakiona bado?